Nusu Saa ya Bluu

Wananiita Pilipili, wala sikatai. Mdomo huu umenifukuzia wengi, lakini aliyeniuma kuondoka ni mmoja tu: Kobe, mwenzangu wa maabara kwa miaka tisa.

Tulitengeneza vitaa vidogo vya perovskaiti, fuwele inayong'aa ikipitishiwa umeme. Cha kijani kinadumu, chekundu pia. Cha bluu, mh! Ukikipitishia umeme tu, klorini na bromini ndani yake zinaanza kutengana, kila moja na upande wake. Dakika ya tano kimegeuka kijani, ya kumi kimezimika. Kobe akasema, polepole kama kawaida yake, "Dada, tutie chumvi kidogo ya potasiamu, izibe mianya zisihame." Nikamcheka mbele ya wageni. "Hapa maabara, baba, si jikoni!" Alisuuza kikombe chake, akaondoka nacho.

Mwezi wa nne sasa nala peke yangu na kugombana na pampu. Leo ndiyo mwisho: taa isipokaa bluu nusu saa, chumba wanapewa wengine, na fomu ya matokeo inachukuliwa jioni. Nikameza kiburi, nikatia chumvi yake.

Saa nne asubuhi nikawasha. Dakika kumi, bluu. Ishirini, bluu. Thelathini, jamani, bluu ileile! Nikaruka, nikageuka nimkumbatie mtu. Kiti kilikuwa kitupu. Nikalia, sioni haya kusema.

Halafu nikaiona fomu. Inataka saini mbili, ya msoma mita na ya mtazama rangi, kwa sababu jicho lililokodolea bluu muda mrefu linadanganya. Saini moja haihesabiwi. Kanuni hiyo niliiweka mwenyewe, tena kwa kelele.

Nikampigia simu.

"Kobe, chumvi yako imefanya kazi. Nilikukosea. Nisamehe."

"Bado inawaka?"

"Inawaka. Njoo uione kwa macho yako."

"Niko mbali, dada. Mwendo wa saa tatu."

"Nitakusubiri."

"Rangi ni ileile?"

Nikaiinamia taa. Pembeni mwake niliona kama ukijani, nikapepesa, nikaona bluu. "Sijui," nikasema. "Macho yangu yamechoka."

"Na ikizimika nikiwa njiani? Siwezi kusaini nisichokiona."

"Njoo hata ikizimika."

Akashusha pumzi, simu ikakatika. Nikavuta kiti chake, nikakifuta vumbi kwa mkono wa koti, nikakirudisha mahali pake.