Sauti Zinaachwa Getini

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Donatille alifika getini, akapangusa viatu, akachukua mfuko wa karatasi ya kaki, ile wanayofungia mkate madukani, akaufungua na kuitoa sauti yake yote humo ndani. Halafu alikunja mdomo wa mfuko mara mbili na kumkabidhi Salvator, mlinzi wa geti, ambaye aliuandikia jina kwa kalamu nene na kuupanga kwenye rafu ya kibanda chake pamoja na mingine. Mfuko wa nailoni ungefaa zaidi, maana sauti ikikaa kwenye karatasi hukauka na kukwaruza, lakini nailoni ni marufuku nchini na wakazi wa mtaa ule walikuwa watu wa kuheshimu sheria. Donatille aliingia ndani akiwa bubu, akaanza na vyombo.

Wenceslaus, mpangaji wa nyumba namba saba, aliupenda utaratibu huo tangu siku ya kwanza. Alikuwa Mtanzania aliyevuka mpaka, mtu wa Bukoba, msimamizi wa ghala moja huko Masoro, eneo la viwanda, na kabla ya kuhamia pale alikuwa amekaa miaka mitatu ukuta kwa ukuta na baa ya mishikaki, ambako walevi walimfundisha nyimbo ambazo hakuomba kufundishwa. Kampuni ilipompandisha cheo alimwambia dalali wake, Manzi, jambo moja tu: anataka kimya. Manzi akampeleka Kiyovu, mtaa wa kilimani, kwenye barabara fupi yenye nyumba kumi na moja, mijakaranda pande zote mbili, geti kubwa juu na kigeti kidogo chini. Wenceslaus alisimama katikati ya barabara akasikia jani likianguka. Alitaka kusaini palepale, hata bafu hakulikagua.

Kipengele cha saba cha mkataba kilisema kwamba wafanyakazi wa nyumbani, watunza bustani na mafundi wataacha sauti zao getini wanapoingia na kuzichukua wanapotoka. Mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Winifred aliyekulia Uganda, alikisoma kwa haraka, katikati ya kipengele cha maji na kipengele cha takataka.

"Hapa sisi tunataka amani tu, Mista Wenceslaus," alisema. "Wewe na sauti yako hakuna shida. Ni hawa wengine."

Jioni ile Wenceslaus alimpigia simu mkewe, Eustadia, aliyebaki Bukoba na watoto mpaka shule zifungwe. Alimweleza habari za miti, za ndege, za majirani ambao hata wakigombana wanafunga madirisha kwanza. Alimweleza pia habari ya sauti.

"Sasa huyo dada ukimtuma anakujibuje?" aliuliza Eustadia.

"Anaitikia kwa kichwa."

"Na asipokubaliana na wewe?"

"Hilo halijatokea."

"Basi umepata kile ulichokuwa unakitafuta kwangu miaka kumi na miwili," alisema Eustadia, akakata simu.

Miezi minne ilipita vizuri. Ndipo kamati ya wakazi ikafunga kigeti cha chini. Kigeti hicho kilitokea kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mpaka barabara ya mabasi, na wafanyakazi walizitumia asubuhi na jioni. Hawakuwa na sauti, hilo lilikuwa limeshughulikiwa, lakini bado walikuwa na miguu, na jirani wa nyumba namba mbili alilalamika kwamba nyayo zao zinamwamsha mbwa wake. Kamati ilikubali kwamba mbwa naye ni mkazi. Likatundikwa kufuli.

Ijumaa moja, kuelekea Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Wenceslaus alirudi kazini akamkuta Donatille nje ya geti. Alikuwa ametoka tu kuichukua sauti yake na alikuwa anakohoa ili ikae sawa. Alimngoja ashushe kioo cha gari.

"Mwiriwe, bosi. Iko kitu nataka kukuomba."

"Sema, dada."

"Ile mulango ya chini walifunga. Zamani nilikuwa nashuka ngazi, dakika kumi niko kwa basi ya Busanza. Sasa nazunguka mulima yote, basi inaniacha. Nafika saa tatu, mutoto iko analala. Asubuhi natoka, mutoto iko analala. Miezi mbili, bosi. Mutoto wangu Mugeni hasikii mimi naongea, anasikia dimanshi, hiyo Jumapili, peke yake. Ana miaka sita. Juzi aliuliza jirani kama mama yake ni kiragi." Alishika koo kuonyesha maana yake: bubu. "Kesho kwa umuganda iko mukutano. Mimi nitakuwa pale, lakini unajua vile tunakuwaga. Wewe iko na sauti. Unisemee, bosi. Wafungue asubuhi na jioni tu. Tutavua viatu."

Wenceslaus aliguswa. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yale ya viatu yalimchoma. "Usiwe na wasiwasi," alisema. "Kesho nasimama, nalisema mbele ya wote."

"Murakoze cyane, bosi," alisema Donatille, akaanza kuuzunguka mlima.

Usiku Wenceslaus alifanya mazoezi ya hotuba akiwa bafuni. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na sehemu ya ubinadamu, sehemu ya Afrika Mashariki, na mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wafikirie.

Kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, nyumba kumi na moja za barabara ile hazikuwahi kukosekana hata mara moja. Kila nyumba ilituma mfanyakazi wake akiwa na jembe au reki. Wakazi wenyewe walifika baadaye, miwani nyeusi usoni na chupa za maji mkononi, kwa ajili ya mkutano unaofuata kazi. Wenceslaus peke yake alikuwa amenunua buti za mpira, akafagia mita tatu za majani na kupigwa picha nne.

Mkutano ulifanyika chini ya mjakaranda wa namba tano. Wenye nyumba walikalia viti, wafanyakazi walikaa ukingoni mwa mtaro. Mwenyekiti wa kamati, mzee Bayingana, mstaafu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana, aliendesha mambo kama alivyoendesha kila mwezi. Alisoma maazimio, akainua kichwa na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Mikono ilinyooshwa mtaroni, kumi au kumi na mmoja. Vinywa vilifunguka, vikafungwa, vikafunguka tena. Mpishi wa namba tisa alikuwa anasema jambo refu lenye hesabu, maana alihesabu kwa vidole. Bayingana alingoja kwa adabu mpaka vinywa vyote vikatulia.

"Hakuna aliyesema kitu," alisema. "Basi tumekubaliana wote." Katibu akaandika hivyo, kama mwezi uliopita.

Azimio la nne lilikuwa kigeti cha chini: kizibwe kwa matofali kabisa, kwa sababu kufuli nalo hugongagonga upepo ukivuma. Donatille alimtazama Wenceslaus. Wenceslaus akakohoa, akaweka sawa mkanda wa suruali.

Hapo Winifred, aliyekaa kiti cha jirani, alimwinamia sikioni. "Mista Wenceslaus, iko watu wa ubalozi fulani wananisumbua, wanataka hii nyumba. Nimewaambia hapana. Nimewaambia mpangaji wangu ni mtu mtulivu, nataka kumpa miaka miwili tena."

"Naona jirani yetu mpya ana neno," alisema Bayingana.

Wenceslaus alisimama. Hotuba ilikuwepo yote, aliisikia imejipanga kifuani tangu mwanzo mpaka mwisho. Alitazama viti, akatazama mtaro, akatazama tena viti.

"Mimi nina hoja ndogo," alisema. "Ni kuhusu maparachichi. Yakiiva yanadondoka juu ya paa, hasa alfajiri. Ni usumbufu."

Viti vilipiga makofi ya taratibu. Ikaamuliwa kwamba maparachichi yote yachumwe mabichi, na wafanyakazi wakapewa kazi hiyo kuanzia Jumatatu. Azimio la nne likapita bila pingamizi. Donatille alishusha mkono, ambao alikuwa ameuinua muda wote bila mtu kumwambia aushushe.

Jioni alipotoka, Salvator alimpa mfuko wake kama kawaida. Donatille aliupima mkononi, akamrudishia. Salvator alidhani ameona jina la mtu mwingine, akamwonyesha: Donatille, namba saba. Donatille akatikisa kichwa, akaonyesha mlima, akaweka viganja viwili chini ya shavu kama mtoto aliyelala, kisha akaondoka mikono mitupu. Njiani hakuwa na wa kuongea naye, na nyumbani vilevile.

Jumatatu hakukohoa kwenye mfuko wowote, alipita tu. Kazi yake haikuharibika hata kidogo. Sakafu zilisuguliwa, maparachichi yakachumwa mabichi, magumu kama mawe.

Jumanne saa moja jioni Wenceslaus alikuwa barazani na kikombe chake cha chai aliposikia mtu anaongea. Alishtuka zaidi kwa sauti kusikika mtaani kuliko kwa kitu kingine chochote. Akavaa ndala, akapanda hadi kibanda cha geti.

"Ni Donatille, bosi," alisema Salvator, ambaye kwa kuwa kibanda kilihesabiwa kuwa nje aliruhusiwa kubaki na sauti yake. "Siyo yeye. Ni ile yake. Ikifika saa moja inaita mutoto. Mimi sijui inajuaje saa."

Mfuko ulikuwa umesimama kwenye rafu, kati ya mifuko mitupu, ukitetemeka kidogo. "Mugeni," ulisema. "Mugeni, wariye?" Umekula? Ulingoja muda ambao mtoto angehitaji kujibu, halafu ukauliza kama amenawa, kama daftari limo kwenye begi, kama lile jino bado linatikisika. Baada ya kila swali ulingoja. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza kwa ukavu.

"Na mwenyewe yuko wapi saa hizi?"

"Iko njiani, bosi. Anazunguka."

Wenceslaus aliona aibu. Aliiona vizuri kabisa, na kwa dakika nzima alisimama pale akiwa mtu mwema. Kisha mfuko ukauliza habari ya jino kwa mara ya pili, na akagundua kwamba akiwa barazani kwake atalisikia swali hilo kila siku, wakati wa chai.

Akarudi nyumbani, akaandika kwenye kikundi cha simu cha wakazi: "Habari za jioni majirani. Kuna sauti getini, kuanzia saa moja. Naomba kamati iliangalie jambo hili kwa upendo." Vidole gumba tisa vikajitokeza kabla chai haijapoa. Winifred akaweka na ua.

Asubuhi iliyofuata Bayingana mwenyewe alileta sanduku la bati lililotandikwa godoro ndani, pamoja na agizo kwamba sauti zisizochukuliwa zikae humo. Salvator aliulaza mfuko wa Donatille na kufunika. Donatille alisimama pembeni akiangalia, mkono mmoja shingoni, mpaka kifuniko kikalia, kisha akaenda kuanika mashuka ya bosi wake. Kigeti cha chini kilizibwa Alhamisi, kwa matofali mazuri yaliyopakwa rangi ya kijani ili yafanane na miti. Mkataba wa Wenceslaus uliongezwa miaka miwili.