Dirisha la Bi Tiki

Ofisini walimwita Bi Tiki, naye jina alilipenda. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusahihisha Kiingereza cha wasichana ambao ofisi hiyo iliwapeleka ng'ambo kufanya kazi za ndani. Kila mwezi kila msichana alitakiwa kutuma kutoka huko karatasi yenye namba yake na sentensi ishirini kuhusu maisha yake ya kila siku, kuonyesha kwamba anajua kuchagua vihusishi, yale maneno madogo ya "on" na "in" na "at" yanayowatoa watu wazima jasho. Neno dogo liliandikwa ndani ya kisanduku katikati ya mstari. Karatasi arobaini, sentensi mia nane, na macho ni yale yale mawili.

Basi Bi Tiki akabuni ujanja. Alikata kifuniko cha boksi la viatu, akatoboa dirisha jembamba katikati, akawa anakilaza juu ya karatasi. Dirishani aliona kisanduku na neno moja au mawili kila upande. Tiki. Sentensi ilianzaje na iliishia wapi, hayo hayakumhusu. Zote arobaini alizimaliza kabla chai haijapoa, akajisifu mwenyewe maana hakukuwa na wa kumsifu. Alama zilikwenda kwa meneja, meneja akazibandika ukutani, wazazi waje waone jinsi watoto wao wanavyoendelea vizuri.

Sasa ilikuwa zamu ya mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu chochote alichosoma alikisoma kwa sauti mpaka majirani nao wakakijua. Jina lake Bi Tiki ndiye aliyelipeleka ofisini, kwa mkono wake. Gari lingekuja kumchukua Alhamisi saa nane mchana. Pasipoti ilishachukuliwa na meneja, eti isije ikapotea.

Alhamisi hiyo, saa saba na nusu, Bi Tiki alikuwa anapiga pasi gauni la safari. Kasuku alikuwa amekaa sakafuni karibu na begi lake, anapekua karatasi za zamani za ofisini.

"Mama Mkubwa, hizi za namba thelathini na moja naomba niende nazo. Umempa ishirini kwa ishirini miezi mitatu mfululizo! Nimeshaanza kuzikariri."

"Kariri, mwanangu. Huyo ni moto wa kuotea mbali."

Kasuku akasafisha koo. Alisoma Kiingereza, akajitafsiria, akataja neno dogo, kwa sauti ile kavu ya darasani.

"Ninalala juu ya sakafu. On. Simu yangu iko ndani ya kabati la bosi. In. Mlango wangu hufungwa kutoka nje. From." Akageuza karatasi. "Ninakula baada ya mbwa. After. Hee, Mama Mkubwa, kumbe huko mbwa nao wana zamu ya mezani?"

Alicheka peke yake. Bi Tiki alikuwa amesimama, pasi mkononi, haisogei.

"Endelea," alisema.

"Bosi aliweka pasi juu ya mkono wangu. On tena. Huyu anapenda on." Kisha Kasuku akainua pua. "Mama Mkubwa, gauni linaungua!"

Moshi ulikuwa umeshapanda. Bi Tiki alisimamisha pasi, akaliacha gauni na alama yake ya kahawia kifuani, akamnyang'anya mtoto karatasi. Alizisoma kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wasemao mwenye macho haambiwi tazama hawakumjua mama huyu, aliyekuwa na macho yake mazima akayakatia dirisha.

Sentensi ya ishirini, kwenye karatasi ya mwisho, ilikuwa na visanduku viwili. Cha pili msichana alikichora mwenyewe kwa kalamu. "Mwalimu, ninakusubiri wewe tangu Machi." "Waiting for you" na "since March", katika mstari mmoja, yote mawili sahihi. Bi Tiki aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amefurahi sana, akaweka tiki mbili, na kando yake akachora nyota.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Baada yake ikaja hofu, nayo ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Huendi," alisema.

"Nani haendi?"

"Wewe. Huendi popote."

"Labda huyo anatia chumvi tu, Mama Mkubwa! Si mazoezi? Nimeshawaaga watu wote. Wenzangu wote umewapa tiki, mimi ndiye unaninyima?"

Nje honi ililia. Bi Tiki alikwenda mlangoni akalisukuma komeo kwa ndani, akarudi akaufungua mfuko wa karatasi za mwezi huu, alizozisahihisha Jumatatu. Alianza kuzipanga sakafuni kwa namba, huku honi ikilia mara ya pili.

"Unatafuta nini?" Kasuku aliuliza. Sasa naye sauti ilikuwa imepungua.

"Ya kwake."

Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na mbili. Alirudia tangu mwanzo, akalowesha kidole ili karatasi zisigandane, akaukung'uta mfuko mtupu. Dereva alikuwa ameshashuka garini, anagonga mlango, anaita kwa adabu kwamba wanachelewa. Bi Tiki alibaki amepiga magoti. Jumatatu alizihesabu, zikawa thelathini na tisa, naye akasema moyoni, afadhali, leo kazi imepungua.