Mzunguko wa Ishirini na Tano

Hood bin Khalaf alifika Samad al-Shan Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, baada ya sala ya alasiri. Dadake, Bi Khole, alikuwa amekaa mkekani shambani anachambua tende, nzima kwenye sinia, zilizotobolewa na wadudu kwenye ndoo ya mbuzi. Joto lilikuwa nyuzi arubaini na sita. Hood aliingia kwa mlango wa nyuma, kavaa fulana na bukta, nambari 214 kifuani, akaanza kukimbia kuizunguka mitende. Alikuwa amefariki Unguja siku arubaini nyuma, mzee wa miaka sitini na mitatu. Sasa alikuwa na ishirini na sita, umri aliokuwa nao mwaka 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika. Khole alimtambua, akavuta mkeka kando asije akazikanyaga tende.

Siku ya pili Nairobi yenyewe ilimfuata. Manyunyu ya Agosti yalinyesha shambani mpaka ukutani, na nje ya ukuta jua likabaki lilelile. Maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, yalipita na makelele ya watu elfu arubaini, na karibu na mfereji palinukia mahindi ya kuchoma. Amna, jirani wa upande wa pili, alikuja na sweta la mwanawe, akaketi kivulini akisema kwamba wallahi huku kuna baridi nzuri kuliko ya mashine, na haina bili. Ikawa mtindo. Wanawake wa mtaa walikuja na masweta yao na birika ya kahawa, wakahesabu mizunguko.

Mita elfu kumi ni mizunguko ishirini na mitano. Hood alikimbia ishirini na minne. Kisha akasimama mbele ya sabla, ukumbi wa wanaume, mlango wake uwazi, akainamisha kichwa kuuelekea mto aliokuwa akiegemea marehemu baba yao.

"Shikamoo, baba."

Alingoja mpaka adhana ya magharibi, akatoka kwa mlango aliouingilia. Kesho yake akaanza upya. Ukimwamkia mkubwa huendi zako hajakuitikia, na Hood alilelewa vizuri.

Mto huo sasa ulikuwa wa Thani, kaka mkubwa. Katika ukoo, anayekaa pale husema kwa niaba ya aliyeondoka: huposea, huozesha, husuluhisha. Thani aliugeuza mto ukaelekea ukutani, akaendelea na kahawa yake.

Mwaka 1975, mzee Khalaf aliporudi Samad al-Shan kutoka Unguja, alikwenda kwa sheikh wa kabila athibitishiwe nasaba, kama walivyofanya wote waliorudi. Aliulizwa ana watoto wangapi. Alisema wawili, Thani na Khole. Hood alikuwa wa mke mwengine, Bi Mize wa Makunduchi, aliyeolewa kwa mahari na mashahidi, lakini ngozi yake na ukoo wake mzee aliviona havitapita mlango wa sheikh. Kijana wa miaka kumi na minne akaachwa kwa mama yake. Shajara, mti wa ukoo, ilichorwa kwa wino wa kijani ikatundikwa sablani, matawi mawili.

Miaka kumi na miwili baadaye mzee alikwenda Nairobi kwa biashara zake, akamchukua Khole, msichana wa miaka kumi na tisa, akatazame michezo. Walikaa mstari wa mbele, karibu na vyuma vya uzio. Katika mbio za elfu kumi Hood alikuwa wa pili, na mizunguko ishirini na mitatu aliwapita bila kuwaona. Wa ishirini na nne akawaona. Akasimama, akaamkia. Mzee Khalaf akatazama bendera. Mtu aliyekaa kando aliuliza kama wanamjua kijana yule, na mzee akamgeukia binti yake, amjibie.

"Simjui," alisema Khole.

Hood alisikia. Uwanja mzima ulimzomea, na wenzake wakamaliza mbio.

Kwa hivyo Khole hakulala vizuri tangu kaka yake aingie kwa mlango wa nyuma. Alimwonea uchungu, na aibu ilimla. Siku ya saba aliugeuza mto, akaukalia mwenyewe. Hood alifika, akamtazama, akangoja. Khole alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita na yeye kijana wa kupigiwa mfano, lakini mkubwa ni mkubwa.

"Shikamoo, kaka," alisema Khole.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema Hood, akaendelea kungoja.

Khole akamwendea Thani. Alimwambia kimebaki kitu kimoja tu, mzunguko mmoja, na neno moja la kumfungulia njia. Thani hakupandisha sauti.

"Marahaba ni ya mtoto wa nyumba, Khole. Baba kanambia tuko wawili. Nikitamka, nimemfanya baba mwongo, naye kaburini. Khalas."

"Na mimi niliyesema simjui?"

"Wewe ulimtii baba. Una thawabu zako."

Amna alisema la kuvunda halina ubani, akamshauri aache. Khole hakuacha. Alikwenda kwa Sheikh Yazeed, imamu wa msikiti, na imamu akamwita Thani akamkumbusha kwamba kujibu maamkizi ni wajibu, awe anayeamkia hai au maiti. Thani ni mtu wa dini. Alhamisi aliugeuza mto, akavaa kilemba chake kizuri, akakaa. Wanawake wakaweka vikombe chini. Hata falaji ilinyamaza.

"Shikamoo, baba," alisema Hood.

"Wa alaykum s-salaam," alisema Thani. "Karibu, bwana. Karibu kahawa."

Hood alinyanyua kichwa. Kwa adabu akasema ahsante sana, mzee, yuko mbioni. Akarudi kwenye mstari, akaanza mzunguko wa kwanza.

Thani aliagiza lori la mchanga laini umwagwe kuzunguka mitende, mgeni asiumie miguu. Mchanga ulikuja Jumamosi. Khole ndiye aliyewaonyesha vibarua pa kumwaga, na kila Hood alipopita mbele yake alimwamkia, na Hood, bila kupunguza mwendo, akamwitikia.