Ukuta wa Maji Ulipopungua

Jeneza la mzee Bukuru lilikuwa limewekwa kando ya kaburi pale kijijini Swima, na mchungaji alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo, simu ya binti wa marehemu ilipotetemeka ndani ya kitenge. Kezimana hakutaka kuitazama. Alikuwa amesafiri kutoka Ulaya, anakofanya kazi katika kituo cha safari za anga, aje kumzika baba. Lakini simu ilitetemeka tena na tena. Akachungulia.

Ni Norbert, mwenzake aliyeshika zamu yake kule kituoni. "Jua limelipuka, mionzi inakuja kwa wingi. Wote wanne wamejificha ndani ya kijumba, lakini kipimo cha humo kinazidi kupanda. Tunadhani kimeharibika. Unaonaje?"

Kazi ya Kezimana ilikuwa hiyo hasa, kuhesabu mionzi inayoingia miilini mwa wanaanga. Chombo chao kilikuwa kimeshaupita Mwezi, mbali na hewa na sumaku ya dunia zinazotukinga sisi huku chini. Ngao yao kule ilikuwa kijumba kidogo kilichozungushiwa matangi ya maji. Hapo akakumbuka taarifa aliyoisoma ndani ya ndege: pampu ya maji ya kunywa imekufa, kwa hiyo wanaanga wanakunywa maji ya tangi la upande wa vichwani. Kipimo hakikuwa kibovu. Ukuta wenyewe ulikuwa umenywewa.

Alijaribu kujibu, rezo ya simu ikapotea. Akamshika mkono Claver, binamu yake mwenye pikipiki. "Nipeleke upande wa Baraka, penye rezo. Sasa hivi!"

Mama yake alisikia. "Baba yako yuko karibu kushushwa, na we unaenda wapi?"

"Mama, kuko batu bane banaweza kufa."

"Batu gani? Mutu wako si huyu hapa?"

Kezimana akageuka akaenda. Wimbo ulianza nyuma yake akiwa amekwisha kupanda pikipiki.

Barabara ilikuwa tope tupu. Claver alipiga kelele juu ya mlio wa injini: "Si bangebavalisha makoti ya madini ya risasi, kama kule hopitali penye banapiga batu radio, ile picha ya mifupa?"

"Kule risasi haisaidii! Chembe za jua zikiigonga, zinazaa zingine. Maji ndiyo iko muzuri!"

Juu ya mwinuko, kabla ya kuingia mji wa Baraka, rezo ilirudi. Claver akazima pikipiki.

"Norbert, kipimo kinasema kweli! Tangi la vichwani limeisha."

"Kompyuta inaonyesha limejaa."

"Kompyuta haijui habari za pampu, inadhani wanakunywa maji ya tangi lingine. Wazibe upande ule kwa chakula, nguo, hata mifuko ya taka, chochote chenye majimaji."

Norbert akapinga. "Vitu hivyo viko chumba cha mizigo. Itabidi mtu atoke ndani ya kijumba, na huko nje mionzi ni mikali zaidi. Ukiwa umekosea, tutakuwa tumemchoma bure."

Kezimana alifumba macho. Angekuwa ofisini, angeifungua ile taarifa na kuisoma upya. Hapa alikuwa na kumbukumbu ya maneno aliyoyasoma huku analia. Lilikuwa tangi la vichwani, au la miguuni?

"La vichwani," alisema. "Atoke mmoja tu, avute mizigo, wengine wapange."

Aliyetoka ni Dany, mwanamke aliyekuwa kiongozi wao. Norbert akawa anasimulia: ametoka, amerudi, ametoka tena.

"Na kipimo?"

"Bado kinapanda."

Kezimana alipaza sauti. "Mwambie inatosha!"

"Anasema bado kuna upenyo." Sauti ikakatika, ikarudi. "Amerudi ndani. Kimesimama... Kezimana, kinashuka!"

Aliketi palepale kwenye tope na kitenge chake cha msiba, akalia. Claver hakumwuliza analia kwa ajili ya nani.

Walipofika Swima, kaburi lilikuwa limefunikwa. Kezimana akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, bamepona."

"Nimesikia," mama alisema, akageuka kuwapokea wageni.

Asubuhi Norbert aliandika kwamba dhoruba imetulia, na wanaanga wametoka kijumbani. Ila Dany alikuwa amepokea mionzi kupita kikomo. Angerudi nyumbani, lakini hangeruka tena. Kezimana aliyasoma hayo mara mbili. Yeye ndiye aliyesema mtu atoke.

Shangazi yake Adolphine alimkuta hivyo, akamchukua hadi kaburini. Akamwonyesha waliposimama wanaume walioshika kamba, na mahali ilipokwama wakalazimika kulipandisha jeneza tena.

"Ule wimbo tuliurudia mara tatu," alisema. "Mama yako ndiye alikatalia mchungaji. Alisema bangoje, mutoto anaweza kurudi."

Kezimana aliinama, akashika udongo uliokuwa bado na unyevu. "Halafu?"

"Halafu mvua ikatutisha, tukamushusha."