Isale la Mheshimiwa

Mgeni alibisha hodi wakati Evaresta akiweka karatasi kwenye printa. Alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, aliyepata kuongoza nchi na kuzikwa kwa mizinga mwaka juzi. Viatu vyake vilikuwa na udongo. Evaresta alimwomba avipanguse mlangoni, maana zulia la ofisi ya Njiro lilikuwa jipya.

Evaresta, binti wa kijiji cha Akheri kule Meru, aliyetoka chuo kikuu karibuni, aliajiriwa na Derick, mtoto wa Mheshimiwa, achape shajara za baba yake ziwe kitabu. Kazi haikwisha, kwa kuwa marehemu aliendelea kuandika. Ukurasa wa jana ulisema: "Mvua imeingia kaburini. Nimeagiza tume iundwe."

"Shikamoo, mzee. Umekuja kusahihisha?"

"Marahaba, mwanangu. Kuna ukurasa mmeuruka."

Evaresta aliujua. Ulieleza, kwa mwandiko mzuri, jinsi Mheshimiwa alivyobinafsisha shamba la kahawa la ushirika wa Akheri asubuhi, akalinunua mchana kwa jina la Derick, na jioni akahutubia juu ya kujitegemea.

Mgeni akatoa mfukoni jani bichi la isale. Mmeru akiletewa isale na aliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Wapelekee wanaushirika, uwasomee na ukurasa wote. Kibali changu cha kutoka kaburini kinaishia hapa mjini."

Evaresta akaahidi. Aliamini kwamba ukweli ukisomwa mbele ya watu, shamba litarudi.

Derick alipoambiwa hakukasirika. "Isale peleka, dada, ni mila yetu. Ila ukurasa ukisomwa nje, Jumatatu usije."

Wanaushirika walimpokea nje ya uzio wa shamba, maana ndani hawaruhusiwi. Mzee Sumari aliligeuzageuza jani.

"Alikuwa mjanja akiwa hai, na kufa hakukumpunguzia kitu. Haya, tumesamehe. Tungefanyaje?" Akamtazama Evaresta. "Hiyo karatasi irudishe, mwanangu. Yaliyomo tunayajua. Usipoteze kazi bure."

Ng'ambo ya uzio mlinzi wa Derick alikuwa ameshafungua kijidaftari chake, anamuuliza Evaresta jina lake linavyoandikwa. Evaresta akamtajia, kisha akasoma. Alisoma ya asubuhi, ya mchana na ile hotuba ya jioni. Chini kabisa alikuta mstari ambao wino wake haujakauka, akausoma na huo, kwa kuwa aliahidi kusoma wote:

"Wamenisamehe. Shamba linaendelea vizuri."