Baba na Mama, Wote Wawili

Maître Adèle Kavuo, wakili wa Butembo, hakuitafuta kazi ya rapporteur, yaani mwandishi wa ripoti. Alipewa. Habari zilipoanza kutoka Kinshasa kwamba katiba inaweza kubadilishwa, société civile ya Butembo, mashariki mwa Congo, yaani mashirika ya raia, iliunda kamati ya kukusanya mawazo ya watu, na mwenyekiti wake, Papa Josaphat, mzee mfanyabiashara wa mbao anayeheshimiwa mjini kote, alimtazama Adèle mbele ya wote na kusema, "Tuko na avocat yetu. Ataandika na atasoma." Watu walipiga makofi. Kila mtu alijua makofi yale yalikuwa na maana nyingine pia: uchaguzi ujao walitaka kumsimamisha awe député, mbunge wao. Wengine walimtania, "Leo député, kesho présidente," naye alicheka pamoja nao.

Alicheka hivyo mpaka kikao cha kwanza.

Siku ile salle ya parokia, ukumbi wa kanisa, ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Juma lile Butembo ilikuwa imezika watu waliouawa mashambani na waasi wa msituni, na waliokuja walikuja na uchungu wao. Phinées, mwalimu wa historia, kijana mwenye sauti kubwa na moyo mweupe, alisimama katikati ya watu.

"Tumechoka," alisema. "Kila siku batu ya inje banaingia mu serikali yetu, banakula, banatuuza. Donc mi napendekeza hivi. Mutu mwenye kutaka kuwa président, yeye mwenyewe, baba yake na mama yake, bote bazaliwe ku udongo ya Congo. Si baba tu, si mama tu. Bote! Na gouverneur vile vile, na député vile vile."

Salle ililipuka kwa kelele. Adèle alingoja itulie, kisha akaeleza kama avocat. Alisema katiba ya leo haiulizi rais alizaliwa wapi. Inauliza kama ni Mukongomani wa asili, na hiyo asili mtu anaweza kuipata kwa baba au kwa mama. Kubadilisha kipengele hicho kunawezekana. Wabunge wanaweza kulipeleka pendekezo, hata raia wenyewe wanaweza, wakikusanya sahihi za kutosha. Kisha ni lazima likubaliwe na Congrès, yaani mabunge mawili kwa pamoja, au lipigiwe kura na wananchi wote.

"Basi inawezekana!" Phinées alisema kwa furaha.

"Inawezekana," Adèle alijibu, lakini hakufurahi naye.

Maana Adèle alizaliwa Bwera, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, upande wa Uganda. Mama yake, Mama Godelive, alizaliwa huko huko, binti wa Wakonjo, watu wanaosema lugha moja na Wanande wa Butembo na Beni na kuoana nao tangu zamani, kabla ya wazungu kuja kupitisha mpaka katikati yao. Aliolewa na Mnande wa Masereka, upande huu wa Congo, aliyekuwa anavusha kahawa, na mimba ya kwanza ilipokomaa alirudi kwa mama yake kujifungua, kama desturi ilivyotaka. Hakuna aliyewahi kuficha jambo hilo. Halikuwahi kuulizwa tu.

Sasa Adèle aliandika kwa mkono wake sentensi ya kumtoa nje yeye na mama yake, na watu waliokuwa wanampenda walimsaidia kuipanga maneno vizuri.

Kikao cha pili kilifanyika Beni. Mama Godelive anaishi kule, katika commune ya Ruwenzori, tangu alipofiwa na mume. Alikuja amevaa kitambaa cha bamama ya parokia, akakaa benchi la mbele pamoja na wenzake wa kwaya, na akawa anamwambia kila aliyepita, "Ule pale mbele ni mutoto yangu." Adèle alimwomba Mungu mazungumzo yaende kwenye barabara, kwenye mashule, popote. Lakini Phinées alikuwa amesafiri nao, na pendekezo lake lilikuwa limefika Beni kabla yake.

Papa Josaphat aliuliza kama bamama wana neno. Mama Godelive akasimama.

"Mi ni mama ya Beni," alianza. "Nimezika mume hapa, nimezika batoto babili hapa. Ile loi iko muzuri sana. Président azaliwe hapa, baba yake hapa, mama yake hapa. Bale benye kutoka inje bakae kwabo! Sisi tunalia kila siku, nani anatulilia? Ule mwenye tulizaliwa naye pamoja njo atatulilia."

Vigelegele vilipigwa. Phinées alikuja kumshika mkono. Mama Godelive aligeuka kumtafuta binti yake kwa macho, uso wake uking'aa kama wa mtoto aliyesoma vizuri mbele ya mwalimu, na Adèle, ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha kila kosa la sheria lililosemwa ndani ya salle, aliinamisha kichwa akaandika. Kama angemsahihisha, angemvua nguo mbele ya watu. Kama angenyamaza, watu wa Kinshasa wangesoma kwamba bamama ya Beni wanataka sheria hiyo. Aliendelea kuandika.

Jioni ile barabara ya kurudi Butembo ilifungwa. Kulikuwa na risasi upande wa msituni na wanajeshi hawakuruhusu gari lolote kutoka. Wenzake walilala kwa mapadri. Adèle alikwenda kwa mama yake, na kesho yake barabara ikawa bado imefungwa, na kesho yake tena. Nyumba ya Mama Godelive ni ndogo. Hakukuwa na mahali pa kumkwepa mtu.

"Nilisema muzuri?" mama aliuliza, akimwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo. "Bamama bote banasema nilisema kama wewe."

"Ulisema muzuri, mama."

"Juu gani basi hukuli?"

Adèle alizungusha bugali mkononi. "Mama, wewe ulizaliwaka wapi?"

"Si unajua? Bwera, kwa babu yako."

"Na Bwera iko inchi gani?"

"Bwera iko kwetu."

"Mama."

"Ku makaratasi iko Uganda. Mais mulima ni ule ule, luga ni ile ile. Babu yako alilimaka huku na kule, nani alimuuliza?"

"Ile loi ya Phinées itauliza. Itasema wewe ni mutu ya inje. Na mimi vile vile. Hata nikitaka kuwa député tu, watasema hapana, mama yake haiko wa hapa."

Mama Godelive aliweka sahani chini polepole.

"Na ulikuwa unajua," alisema, "pale nilisimama?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niseme."

Mama aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, na siku mbili zilizobaki hawakusema isipokuwa ya chumvi na maji.

Barabara ilipofunguliwa, Adèle alikwenda moja kwa moja kwa Papa Josaphat, kwenye dépôt yake ya mbao Butembo. Alimkuta peke yake, akamweleza yote akiwa amesimama. Mzee hakushangaa. Alimsukumia kiti.

"Mutoto yangu, unafikiri sijui? Bibi yangu mwenyewe, mama ya batoto yangu, alitokaka Kasese, kule Uganda. Ukiuliza vizuri mu ile salle, bengi yetu watatoka inje."

"Basi tuseme, Papa!"

"Tuseme nini? Tukisema leo, batasema tumenunuliwa. Batu banazika kila juma. Banataka kushika kitu, na hii njo kitu wamepata. Kisha ile loi si juu yako. Ni juu ya bale bengine."

"Mais haitaandikwa 'bale bengine'. Itaandikwa 'bote'. Mimi njo naandika."

"Itaishia mu tiroir ya meza kule Kinshasa."

"Na kama haiishie kule? Ikifika ku référendum, ku kura ya batu bote, watapiga oui sawa vile walipiga makofi Beni."

Papa Josaphat aliutazama mlango kana kwamba kuna mtu anakuja. "Soma rapport, Maître," alisema kwa sauti ya chini. "Soma tu. Uchaguzi ukiisha, ukiwa kule ndani, utarekebisha."

Adèle alitoka pale akijua mzee anampenda kweli, na kwamba upendo ule ulikuwa umefunga mlango wa mwisho.

Kikao cha kufunga kilikuwa Jumamosi, Butembo, na radio ilikuja kurusha moja kwa moja. Adèle alisoma mapendekezo yote: barabara, usalama, mashule. Alipofika kwenye lile la rais, alilisoma bila kubadilisha neno, kwa sababu ndivyo watu walivyosema na yeye alikuwa ameapa kuandika walivyosema. Makofi yakapigwa. Akangoja yaishe.

"Kuna sauti moja ya kupinga," alisema. "Iandikwe nayo."

"Ya nani?" mtu wa nyuma aliuliza.

"Yangu."

Phinées alisimama, hakukasirika bado. "Juu gani, Maître?"

"Mama yangu alizaliwa Bwera. Na mimi vile vile. Niko Mukongomani wa Butembo, munanijua bote, na ile loi itanitoa. Na si mimi peke yangu humu."

Alipomaliza aliwatazama. Aliwajua wawili watatu kwa majina, wenye mama wa Kasese, wenye baba waliozaliwa Mpondwe, ng'ambo ya mpaka. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Papa Josaphat alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa leso, akaifuta, akaifuta, na alipoivaa tena aliangalia juu ya kichwa cha Adèle.

"Donc," Phinées alisema, na ndani ya sauti yake mlikuwa na huzuni ya kweli, "siku zote ulikuwa unatueleza sheria, kumbe ulikuwa unajitetea."

Neno hilo lilimwumiza kuliko tusi. Lolote ambalo angejibu, hata liwe sahihi namna gani, lilikuwa limeshageuka kuwa utetezi wa nyumbani kwake. Alikaa chini. Rapport ilipitishwa kwa makofi, ikatumwa Kinshasa, na katika sehemu ya mwisho iliandikwa kwamba mtu mmoja alipinga kwa sababu za kifamilia.

Hakuna aliyemfukuza. Papa Josaphat alimpigia simu akasema kwa upole kwamba mambo ya uchaguzi "tuyaache kwanza," na Adèle akasema ndiyo, Papa. Wateja waliendelea kuja bureau. Kilichobadilika kilibadilika Beni. Mama Godelive alikuwa amesikia radio pamoja na bamama ya kwaya, na Jumapili iliyofuata mmoja wao alimwita "Muganda wetu," kwa kicheko, akimpisha kwenye benchi. Wengine walicheka pia, bila ubaya.

Alipokwenda kumwona, Adèle alimkuta ameketi jikoni.

"Nani alikutuma?" mama aliuliza. "Miaka yote nimekaa hapa, hapana mutu aliniuliza. Sasa banauliza."

"Nilitaka kukutetea, mama."

"Ulinitetea kwa batu benye hawakunishitaki."

"Njoo tukae bote Butembo."

"Butembo hawakusikia radio?" Mama alitikisa kichwa. "Na kule Bwera, nikienda kumusalimia dada yangu, batoto yake wananiita Mukongomani. Niende wapi? Unionyeshe, nitaenda."

Walikula. Walizungumza juu ya maharagwe yaliyopata mvua nyingi, juu ya padri mpya. Mama alimfungashia ndizi za kurudi nazo.

Juma lililofuata Adèle alikutana na Phinées barabarani, mbele ya posta. Kijana alisimama, akampa mkono kwa heshima kama zamani, na kumwuliza, "Maître, mama eko muzuri kule?"

"Eko muzuri," Adèle alisema.

Alipita, na hatua chache mbele akajikuta amesimama, akijaribu kujua kijana alikuwa na maana gani aliposema kule: Beni, au Bwera.