Kidoti Chini ya Jicho la Kulia

Binti wa mpiga chapa aliileta picha asubuhi, imefungwa kwa shuka la maua, akaiweka juu ya meza ya mthamini taratibu kama anayemlaza mtoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeibeba mikononi njia nzima?"

"Nifanyeje? Huyu ana maringo, akitikiswa ananuna."

Mthamini akafungua shuka. Ndani ya fremu nyeusi alikuwamo mwanamke ameketi, amechorwa kwa ule mtindo wa kisasa uliowahi kuwagombanisha watu: shingo kama ya chupa, pua ya pembetatu, jicho moja limesogezwa hadi karibu na sikio. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, mbele ya mdomo.

"Anapumua," binti alisema. "Mama alikuwa akimfungulia na kumfuta kila Ijumaa."

"Ndiyo maana karatasi imeingia madoa hapa," mthamini alisema, akaandika: unyevu wa pumzi, kiasi.

Akaitoa picha kwenye fremu. Chini ya lenzi, wino ulionyesha chembechembe za jiwe, si zile nukta za mashine zilizojipanga kama askari. Karatasi ilikuwa ya zamani, na sahihi ya penseli ilikuwa na ule mkia alioujua. Ilikuwa chapa ya jiwe halisi, picha iliyochorwa juu ya jiwe kisha ikagandamizwa kwenye karatasi; hapakuwa na la kubishania. Jumba la makumbusho lilikwisha kuahidi kuitundika ukumbini, jina la mpiga chapa likiandikwa chini yake, mradi mthamini aithibitishe.

"Baba alikufa hata mlangoni kwake hakuna jina," binti alisema. "Na hii aliipiga yeye, akawepo marehemu mchoraji alipotia sahihi."

Mwanamke wa pichani aliposikia mchoraji anatajwa, akatengeneza nywele.

Hapo ndipo mthamini alipokiona kidoti, chini ya jicho la kulia. Mchoraji alikuwa ameuvuruga uso mzima, lakini kidoti hakukichezea. Kinachochorwa juu ya jiwe hutoka kwenye karatasi kimegeuka, cha kushoto kikawa kulia. Na kidoti chini ya jicho la kushoto mthamini alikiona kila asubuhi, ng'ambo ya birika la chai.

"Niachie hadi kesho," alisema.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo. Alipokuwa msichana, mkewe alifanya kazi kwa yule mpiga chapa, akiosha mawe, na siku zote alisema mchoraji alikuwa mtu wa kupita tu, hata salamu zake za haraka haraka.

"Leo nimeona picha ya mwanamke anayefanana nawe."

"Mimi tena, Baba? Na uzee huu?"

"Si ya leo."

Mkewe akakunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Kidoti chake kiko wapi?"

Mthamini hakuwa ametaja kidoti.

"Kulia."

"Basi si mimi. Changu kiko kushoto."

Alikuwa ameosha mawe miaka mingi; alijua jiwe linavyogeuza. Mthamini naye alijua kwamba anajua. Wakala chakula.

Kesho yake aliwahi ofisini, akaketi mbele ya picha. Mwanamke hakumtazama. Alitazama pale mchoraji alipokuwa ameketi siku ya kumchora, ambapo sasa palikuwa na bega la mthamini tu, nalo lilimzibia njia. Macho ya namna ile mthamini hakuwahi kuyaona nyumbani kwake, hata wiki ya harusi.

Akaandika: nakala, haina thamani.

"Lakini baba aliiona ikitiwa sahihi," binti alisema alipokuja na kuisoma taarifa.

"Wazee huchanganya mambo, mwanangu."

Binti akamgeukia mwanamke wa pichani. "Na wewe husemi kitu?"

Mwanamke akainamisha macho. Haikuwa siri yake ya kwanza kuitunza.

"Basi kaa naye, Mzee. Nikimrudisha, kila nikimwona nitamwona baba mwongo."

Mthamini aliipeleka picha nyumbani aifiche stoo. Mkewe akaifungua kabla mumewe hajavua viatu, akafuta kioo kwa upindo wa gauni, akaitundika sebuleni, mbele ya kiti chake mwenyewe. Hakuuliza imetoka wapi.

Taarifa ingeweza kuandikwa upya. Lakini hapo picha ingekwenda ukumbini, na mji mzima ungeyaona yale macho. Mthamini akaiacha taarifa kama ilivyo, na jina la mpiga chapa halikuandikwa popote.

Jioni akirudi kazini huwasikia tangu barabarani, sauti moja ya kizee na moja ya kisichana, wakinong'ona na kucheka. Hupunguza mwendo, husimama chini ya dirisha, lakini haambulii hata neno. Akigusa kitasa, wananyamaza.

"Umerudi?" mkewe huuliza.

"Nimerudi."

Huketi katikati yao, na wao hutazamana juu ya kichwa chake.